SS John W. Brown, Baltimore: shuka ngamani kabla ya kupanda darajani

Kwa ajili ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilijenga meli za mizigo za aina ya Liberty 2,710 kati ya 1941 na 1945. Zilizobaki zikiwa na uwezo wa kwenda kwa mvuke wake zenyewe ni mbili tu: Jeremiah O'Brien ya San Francisco na John W. Brown ya Baltimore. Nimezipanda zote mbili, na anayetaka kuelewa jinsi meli ya mizigo ilivyogeuzwa kubeba askari namwelekeza Baltimore. Brown ilishushwa majini tarehe 7 Septemba 1942 katika mji huohuo, siku 41 tu baada ya mkuku wake, yaani uti wa chini wa meli, kulazwa, na marekebisho ya kuipakia askari yamo ndani yake mpaka leo.

Wageni wengi wakifika sitahani hukimbilia mizinga na daraja la nahodha. Huko nenda mwisho. Anza na ngama, yaani vyumba vya shehena chini ya sitaha.

Ziko tano, tatu mbele ya jengo la katikati na mbili nyuma yake, na kila moja ina sitaha ya kati inayoigawa juu na chini. Meli yenye urefu wa mita 134.6 na upana wa mita 17.3 ilichukua tani zipatazo 9,000 za shehena. Kabla ya kushuka, tazama deriki, yaani milingoti ya kuinulia mizigo, na winchi za mvuke. Deriki mbili hufanya kazi pamoja: moja husimama juu ya mdomo wa ngama, nyingine hutokezwa nje juu ya gati, na ndoano moja hufungwa kwenye waya zote mbili. Winchi ya kwanza huinua mzigo, ya pili huupokea na kuuvuta upande wake huku ya kwanza ikilegeza. Mzigo ukiinuliwa juu mno, waya hutanuka. Pembe kati yake ikifika digrii 120, kila waya hubeba mvuto sawa na uzito wa mzigo mzima, na ikizidi hapo kitu kinaweza kukatika. Ndiyo maana mwendesha winchi mzuri hauinui mzigo zaidi ya kiasi cha kupita ukingo wa ngama.

Vitu vizito vilikuwa na deriki yake, ile nene kwenye ngama ya pili, yenye uwezo wa tani 50. Usiipite. Safari ya kwanza ya Brown ilikuwa kwenda Ghuba ya Uajemi na vifaa vya Wasovieti: vifaru 10 vya Sherman, magari ya jeep 100, pikipiki 200, ndege 2 za kivita za P-40 na mamia ya tani za risasi na mabomu. Kifaru kimoja cha aina hiyo ni kama tani 30. Meli iliyojibebea deriki yake iliweza kukishusha hata pale gati lilipokosa winchi kubwa.

Mwaka 1943 sitaha za kati za mbele ziliwekwa vitanda vya turubai, tabaka juu ya tabaka, pamoja na vyoo na nafasi ya kulia chakula, hata ikaweza kuchukua mamia ya watu. Ukiwa pale chini, hesabu ngazi za kutokea, kisha fikiria watu hao wote wakizikimbilia gizani. Meli nyingine ya Liberty, Paul Hamilton, ilipakiwa askari na baruti pamoja. Ndege za Ujerumani ziliipiga nje ya pwani ya Algeria tarehe 20 Aprili 1944 na watu wote 580 wakafa. Sisi wa Afrika Mashariki tuna msiba wetu wa aina hiyo: Khedive Ismail, meli ya abiria iliyofanywa ya kubeba askari, iliondoka Kilindini Februari 1944 ikielekea Colombo na mamia ya askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Nyambizi ya Japani iliipiga topedo tarehe 12 na ikazama kwa dakika mbili hivi. Walikufa watu 1,297. Ngazi hizi nyembamba zinakueleza kwa nini waliookoka walikuwa wachache.

Chumba cha injini ndicho kinachonirudisha kwenye meli hii. Injini ni ya pistoni, ya kizamani hata kwa mwaka 1942, kwa sababu viwanda vya tabo, yaani injini za mapanga yanayozungushwa na mvuke, vilikuwa vimeelemewa na manowari. Ina silinda tatu: ya kwanza ina kipenyo cha sentimita 62, ya pili 94, ya tatu 178. Mvuke uleule husukuma zote tatu kwa zamu, ukipungua nguvu na kutanuka kila hatua, kisha hupozwa ukawa maji na kurudishwa boilani. Nguvu za farasi 2,500, mizunguko 76 kwa dakika, mwendo wa noti 11. Kila kitu kiko wazi: unaona mikono ya chuma ikipanda na kushuka, na mpakaji mafuta akigusa beringi kwa kiganja kila inapopita kuona kama imepata joto. Beringi ikiachwa ikachemka, madini yake laini huyeyuka na meli inasimama baharini. Maji yakiingia silindani pamoja na mvuke, pistoni huyagonga kwa kishindo cha kuvunja kichwa cha silinda. Udhaifu mkubwa zaidi uko nyuma: meli ikienda bila shehena, rafadha, yaani pangaboi la kuisukuma meli, hutoka majini kwenye mawimbi, injini hukimbia ghafla, na mhimili wake huchoka. Liberty kadhaa zilipoteza rafadha kwa njia hiyo.

Ukirudi juu, simama kwenye pembe ya mdomo wa ngama. Hapo ndipo nyufa nyingi zilipoanzia. Pembe kali zilikusanya mkazo, na kwa kuwa mabamba yalichomelewa badala ya kupigwa ribiti, yaani kuungwa kwa misumari minene ya chuma, ufa haukukuta kiungo cha kuusimamisha. Constance Tipper wa Cambridge alionyesha kwamba chuma kile chenyewe kilikuwa kikigeuka kuwa cha kuvunjika kwenye baridi. John P. Gaines ilikatika vipande viwili karibu na Alaska Novemba 1943. Tiba ilikuwa kuviringa pembe na kuongeza mikanda ya chuma iliyopigwa ribiti.

Waliosanifu meli za Victory, zilizofuata baada ya Liberty, walijifunza kutokana na hayo: walitenganisha mbavu kwa inchi 36 badala ya 30 ili mwili unyumbuke, wakatia tabo za farasi 6,000 au 8,500. Zilikimbia noti 15 hadi 17, na 117 kati yake zilikuwa za kushambulia pwani, zenye nafasi ya askari wapatao 1,500. Ukitaka kulinganisha, Lane Victory iko San Pedro, California. Ni meli bora, lakini tabo imefungwa ndani ya kasha, na jicho halipati chochote.

Nyota tano. Asiyeweza ngazi za wima hatafika ngamani wala kwenye injini, ajue mapema. Vaa viatu vya soli ya mpira na nguo usiyoionea uchungu, maana grisi iko kila mahali. Hakikisha meli imefungwa gati gani, kwa kuwa imewahi kuhamishwa. Ukiweza, chagua siku ambayo meli ina mvuke, ujikaze na joto, ukae jukwaa la kati la chumba cha injini. Kengele ya darajani ikiagiza kurudi nyuma, mtazame fundi: anageuza mtambo wa vali, na injini ileile inazunguka kinyume baada ya sekunde chache.