Kituo cha wageni msituni: makuti au bati?

Tuseme kinajengwa kituo kipya cha wageni pembezoni mwa Arabuko-Sokoke, msitu wa pwani wenye kilomita za mraba zipatazo 420, kati ya Kilifi na Malindi. Kuta si tatizo, udongo upo. Ubishi uko kwenye paa.

Makuti ya viungo, yaani majani ya mnazi yaliyoshonwa kwenye vijiti, hutengenezwa na watu wa vijiji vya jirani, kwa hiyo pesa inabaki palepale, na chini yake kuna ubaridi hata saa saba mchana. Feni ya nini? Lakini huchakaa, na baada ya miaka kadhaa lazima kuezeka upya. Moto ukizuka, cheche moja yatosha. Nguzo nazo ziwe za mvinje wa kupandwa. Kutumia boriti za mikoko ni kuokoa msitu mmoja kwa kufyeka mwingine.

Bati lina joto, na masika yakianza mwongoza wageni atapaza sauti bure. Ila linavuna maji: mvua ya milimita 10 juu ya paa la mita za mraba 100 ni lita 1,000, ukitoa kidogo kinachopotea. Maji ya makuti huja na takataka na rangi ya chai. Paneli za sola pia hufungwa kwa urahisi zaidi kwenye bati.

Mimi ningeezeka bati jeupe, niweke dari ya makuti chini yake, na katikati niache nafasi ya hewa kupita. Popo wataipenda mno nafasi hiyo, kwa hiyo izibwe kwa wavu mapema.