Bima ya vitu vya nyumbani: soma kifungu cha wizi kwanza

Moto, radi na mafuriko ya masika karibu kila kampuni inavilipia, kwa hivyo usipoteze muda huko. Fungua kifungu cha wizi. Mara nyingi kinadai mwizi awe amevunja mlango, kufuli au grili, na alama zionekane. Lakini hapa Mombasa, Kisauni au Majengo, wakati wa joto la kaskazi, nani analala na madirisha yamefungwa? Mwizi hupenyeza mti wenye ndoano kwenye grili, akavuta mkoba kwa mkanda wake, na laptopu imo ndani. Hakuvunja chochote. Unapeleka nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, unajibiwa hapakuwa na uvunjaji, basi.

Ndiyo maana naweka mbele bima kamili ya nyumba yenye sehemu ya hatari zote, inayolipa hata pasipo uvunjaji, kwa simu, laptopu na dhahabu. Sehemu hiyo ina bei ya juu, na kila kitu lazima kiandikwe: aina, nambari yake, thamani. Mpangaji aache sehemu ya jengo, hiyo ni ya mwenye nyumba. Mwenye kuajiri dada wa kazi aongeze bima ya kuumia kazini. Sheria ya Kenya ya 2007 inamtaka awe nayo. Mimi nawapendelea kampuni ya CIC, wala sifichi: wana mizizi kwenye ushirika. Hata kwao, kifungu cha wizi kisome.

Bima ya vitu vya ndani bila hatari zote inamfaa anayelala na AC, madirisha yamefungwa. Ya moto peke yake ni ya bei rahisi, na mwizi haimhusu.

Usipunguze thamani ili ulipe kidogo. Vitu vya 600,000 ukiandika 300,000, friji ya 80,000 ikiungua utahesabiwa nusu vilevile, 40,000, kisha ikatwe ile sehemu unayobeba mwenyewe.

Mawakala wanaudhi. Wanakupa kijikaratasi cha rangi, mkataba wenyewe wanauficha mpaka ulipe. Udai kabla. Na pesa zitumwe kwa nambari ya malipo ya kampuni, si simu ya wakala, kwani kisheria bima haianzi kabla ya malipo. Juu ya malipo ya bima ya 10,000 kwa mwaka kuna tozo ya mafunzo 0.2%, mfuko wa fidia 0.25% na stempu shilingi 40: jumla 10,085. Ukiambiwa 11,000, muulize hizo 915 ni za nini, na akujibu kwa maandishi.