SSMS kwa kusaka parameta zinazopotea: iko poa, ila kile kidirisha cha Execute kisikudanganye

Hii ni kwa wale wanaoshinda na SQL Server (mfumo wa databesi wa Microsoft), hasa nyie mnaorithishwa mifumo ya watu. SSMS (SQL Server Management Studio, programu ya kuisimamia SQL Server) ni ya bure, unaishusha kwa Microsoft, ni ya Windows tu, wa Mac asijisumbue. Sitaongelea kila kitu kilichomo, naongelea pale tu prosija (stored procedure, kipande cha msimbo kilichohifadhiwa ndani ya databesi) inapopokea kwenye parameta zake, yaani thamani inazopewa ikiitwa, kitu tofauti na kile programu ilichotakiwa kutuma.

Kuna mfumo wa saccos moja niliitwa niuangalie, malalamiko yao ni kwamba mwanachama akisajiliwa jina linaingia herufi moja, Mwanaisha anakuwa M, Juma anakuwa J, na eror hakuna, ujumbe unasema umefanikiwa kabisa. Watu walishaanza kulaumu intaneti ya ofisi, loh. Unaifungua prosija kwa Modify unakuta wameandika @Jina varchar (aina ya maandishi), basi, urefu hamna. Sasa SQL Server ukiiachia hivyo kwenye parameta inachukulia herufi 1, jina likija refu inalikata kimya kimya. Kolamu yenyewe kwenye jedwali ilikuwa varchar(100), haina shida yoyote. Ukiweka varchar(100) na kwenye parameta kesi imeisha, ila SSMS haikuwekei hata kamstari kekundu kukuambia oya hapa pana shimo, na hilo kwangu ni kasoro.

Haya, kile kidirisha. Ukibofya kitufe cha kulia kwenye prosija ukachagua Execute Stored Procedure kinakuja kidirisha chenye parameta zote, aina zake, sehemu ya kuandika thamani na kakisanduku ka Pass Null Value, yaani tuma NULL, thamani tupu. Kwa kuanzia ni kizuri sana, hata zile za OUTPUT, zinazorudisha jibu, kinakuandikia chenyewe, maana ukiandika EXEC (amri ya kuita prosija) kwa mkono wako ukasahau neno OUTPUT upande wa kuita, prosija inakimbia vizuri tu halafu variabo yako inabaki NULL, utakesha. Tatizo ni kwamba watu wanajaribia hapo, inakubali, wanasema prosija iko sawa mwenye kosa ni mtu wa programu, mara ugomvi. Kidirisha hakitumi kile programu inachotuma bana! Mfano wa C#: mtu akiweka null ya kawaida kwenye parameta badala ya DBNull.Value (ndiyo NULL ya databesi ukiwa C#), ile parameta haiendi kama NULL, na kama haina thamani ya akiba (default) kwenye prosija unapata eror 201 kwamba haikuletwa kabisa. Kwenye kidirisha ukitiki Pass Null Value inapita freshi. Na kinyume chake kipo, wewe umezoea kuandika 05/03/2024 ukimaanisha tarehe 5 Machi, logini (akaunti unayoingilia kwenye seva) ikiwa na lugha ya us_english inasomwa 3 Mei, wakati programu inayotuma tarehe kama tarehe wala haina hiyo shida. Ukijaribu mwenyewe andika 20240305, haina utata.

Kwa hiyo kitu kinachonifanya niipe nyota nyingi ni XEvent Profiler, iko chini kabisa kwenye Object Explorer, ilikuja na toleo la 17.3. Unaanzisha ile ya TSQL, unamwambia mtu wa programu abonyeze Hifadhi, halafu unaona mwito wenyewe kama ulivyofika kwenye seva, exec na kila parameta na thamani yake. Ukikuta @Simu=default hapo ndo unajua ni null ya C#, ubishi umekwisha, piga picha tuma kwenye grupu. Ila ruhusa ya kuiwasha lazima upewe na mwenye seva, na kwenye seva yenye watu wengi mistari inamiminika mpaka uichuje.

Dibaga, ile zana ya kusaka makosa kwenye msimbo, waliitoa tangu toleo la 18. Zamani ulikuwa unapita mstari kwa mstari ukiangalia variabo inabadilikaje, sasa ukiitaka nenda Visual Studio, au ujikunje na PRINT (amri ya kutoa ujumbe kwenye skrini) kama sisi wengine. Na ukitumia PRINT unganisha maneno kwa CONCAT, maana ukitumia alama ya kujumlisha na kimojawapo kikawa NULL mstari wote unatoka mtupu, unadhani prosija haikufika hata hapo.

Toleo la 21 la mwaka 2025 ni la 64-bit na lina ile rangi ya giza tulioililia miaka. Nyota 4 kati ya 5, ya tano wataipata wakirudisha dibaga.