Programu za kutengenezea muziki na video za sanaa ya majaribio: ununue ipi ukiwa Kampala?

Tangu niandike kuhusu laptopu za mitumba, wasomaji wamehamia kwenye maswali ya programu, na malalamiko yao yanafanana. Kijana mmoja wa Kansanga anatengeneza video za taa na kuta, akizivalisha kelele za soko alizorekodi kwa simu. Alinunua laptopu mjini, muuzaji akamwambia imepakiwa "kila kitu, ful". Siku alipoiunganisha na intaneti, programu ya kuhariri ikamtaka aingie kwa akaunti ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kazi zake zote zimo ndani, yeye yuko nje. Dada mwingine, wa Mbarara, alikuwa na leseni halali kabisa. Bando likaisha, muda wa uthibitisho ukapita, na programu ikagoma kufunguka.

Basi leo ubora wa sauti, idadi ya ala na uzuri wa muonekano nayaweka kando. Utayasoma kila mahali, na programu zote nitakazozitaja zinatosha kutoa kazi nzuri. Mimi nina swali moja tu: intaneti ikikosekana, itafunguka? Aliye Berlin anaweza kuliona swali la kizee. Sisi tunakumbuka Januari 2021, intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia usiku wa kuamkia uchaguzi, ikakaa hivyo siku kadhaa. Na uchaguzi ukiisha bado lipo bando lenye ushuru wa asilimia 12 tangu Julai mwaka ule ule, na Yaka, umeme wa kulipia kabla, inayojua kuisha usiku ukiwa ndiyo kwanza umepata sauti uliyoitafuta.

Nafasi ya kwanza ni REAPER, programu ya kurekodi na kuhariri sauti, na sifichi kwamba ninaipendelea. Leseni yake ni faili dogo tu. Unalihifadhi kwenye flashi, unalipeleka kwenye kompyuta yoyote yako, unalipachika, basi. Haiombi akaunti wala haipigi hodi kwa mwenye kampuni kila mwezi. Bei ni dola 60 kwa mtu binafsi, yaani zaidi ya shilingi 200,000, na leseni moja inakuvusha matoleo makubwa mawili. Unaijaribu bure kwa siku 60, na zikipita programu haifungi mlango; inakukumbusha tu kulipa kila unapoifungua. (Lipa, jamani. Aliyekuamini hivyo usimfanyie hivyo.) Faili la kupakua ni dogo kiasi kwamba bando la siku linalimudu, na unaweza kuisimika yote kwenye flashi ukaenda kufanya kazi kwa rafiki mwenye sola.

Kinachosahauliwa na wengi ni kwamba REAPER inacheza na video pia. Ndani yake mna kichakata video kinachoendeshwa kwa mistari michache ya msimbo: unaandika, picha inapinda, inajirudia, rangi zinahama, na unaweza kuzifunga rangi hizo kwenye kitufe kile kile kinachopandisha sauti. Vionjo vyake vya kubadilisha sauti (effects), viitwavyo JSFX, navyo ni maandishi matupu. Ukitaka kuviharibu kwa makusudi, fungua na uharibu. Kwa video yenyewe utahitaji kuwa na VLC au FFmpeg, programu za bure za kusoma video, kwenye Windows ili isome aina nyingi za mafaili. Kwa msanii wa majaribio sijui unataka nini zaidi.

Ya pili ni FL Studio, ya kutengenezea muziki. Ukishalipa, maboresho ni bure maisha yako yote, na kompyuta isiyo na intaneti unaweza kuifungulia kwa faili la ufunguo lililopakuliwa kwenye mashine nyingine. Tempo inafika mapigo 522 kwa dakika, kwa hiyo hata wapenzi wa singeli, muziki wa kasi wa Tanzania ambao lebo za hapa Kampala zimesaidia kuufikisha Ulaya, hawatagonga dari. Ila chunga mambo mawili. Toleo la kujaribu bure linakuruhusu kuhifadhi mradi, halafu halikuruhusu kuufungua tena kama ulivyouacha. Na toleo la bei ya chini, Fruity, halirekodi sauti kutoka nje, kwa hiyo kelele zako za soko la Nakasero huwezi kuzirekodi moja kwa moja ndani yake.

Kwa video peke yake, DaVinci Resolve ya bure ni ya tatu. Haidai uamilisho (activation) wowote. Ya kulipia, Studio, ni dola 295 mara moja tu, na inaweza kuja na kifaa cha USB kinachobeba leseni, jambo linalonifurahisha kuliko rangi zake zote. Shida ni mashine: inataka RAM ya GB 16 na kadi ya picha ya kweli, na faili la kupakua linazidi GB 2. Laptopu za laki tano zisahau.

Ableton Live, nayo ya muziki, naiweka ya nne. Ukishaiamilisha hufanya kazi nje ya mtandao, sina ugomvi nayo hapo. Ugomvi ni bei: toleo kubwa, Suite, linazidi dola 700, na dogo, Intro, lina njia (tracks) 16 tu za kupangia sauti.

Za mwisho ni zile za kulipia kila mwezi, za kampuni ya Adobe zikiwa mfano. Lazima zirudi mtandaoni mara kwa mara kuthibitisha kwamba bado unalipa. Ni nzuri, sikatai. Lakini hiyo ni nyumba ya kupanga.

Za bure: Pure Data, ya kuunda sauti kwa kuunganisha visanduku kwenye kioo, pamoja na maktaba yake ya GEM kwa picha, na Blender, ya picha za 3D na video. Zote hazihitaji leseni ya kununua. Pure Data inakimbia hata kwenye kompyuta nzee.

Sasa nyie wauzaji. Kumpakia mteja programu ya kukraki, kumzimia kinga ya virusi bila kumwambia, kisha kumtoza pesa ya "kuinstoli", hiyo ni biashara gani? Mkiulizwa leseni iko wapi mnaonyesha ikoni kwenye kioo. Wanaouza kihalali nao wananiudhi kwa njia yao: bei ya dola, kisha unapofika kulipa inaongezwa VAT ya asilimia 18, na kadi inakataa.

Ukiwa dukani, kabla hujatoa hata shilingi, mwambie azime Wi-Fi, aizime kompyuta kabisa, aiwashe, afungue programu, afungue na mradi uliohifadhiwa. Kisha awashe Wi-Fi afanye vile vile. Akianza kusema mtandao leo uko chini, chukua boda urudi nyumbani.