Dawa ya kusafishia filamu: uliza kwanza itakaa muda gani

Niliitoa filamu kwenye tangi la kuisafishia, yaani la kuitolea picha kwa dawa, nikaiinua kwenye taa. Tupu, inapenya mwanga kama kioo mwanzo hadi mwisho. Hata zile namba za pembeni zinazowekwa kiwandani hazikuwepo. Namba zikionekana na picha hazipo, mlaumu mpigaji au kamera yake. Namba nazo zikikosekana, dawa imekufa (au umetanguliza fiksa, dawa ya kukazia picha inayopaswa kufuata baadaye; usicheke, hutokea).

Yangu ilikuwa ya unga, ya jamii ya asidi askobiki, yaani vitamini C. Nilikoroga lita 5, nikatumia nusu, iliyobaki nikaiacha kwenye chupa ileile. Hewa iliyokaa juu yake ikaimaliza, na rangi haikubadilika hata kidogo. Kwa hiyo habari za ukali wa picha katafute kwingine. Mimi nina swali moja: dawa hii ikifa, itaniambia?

Namba moja ni Rodinal, na sifichi upendeleo wangu. Agfa waliitoa 1891. Ikizeeka inakuwa nyeusi kama kahawa, na bado inafanya kazi. Chupa iliyofunguliwa hukaa miaka. Mililita 10 kwenye maji mililita 500, unatumia mara moja, unamwaga. Chembechembe zinaonekana kwenye picha? Ndiyo, na mimi nazipenda. Ila ni alkali kali. Tone likikudondokea utahisi kidole kinateleza kama kimepakwa sabuni, na kweli ni sabuni: mafuta ya ngozi yako ndiyo yanayogeuzwa. Osha kwa maji mengi papo hapo, na unapopima vaa glavu na miwani.

Ya pili ni HC-110, nayo ya maji na mvumilivu.

Ya tatu ni D-76 ya Kodak, ya tangu 1927, pamoja na pacha wake ID-11 wa Ilford. Ikishakorogwa, Kodak wanaipa miezi 6 kwenye chupa iliyojaa na kufungwa vizuri, miezi 2 tu chupa ikiwa nusu. Basi igawe kwenye chupa ndogo, ujaze hadi shingoni, ubandike lebo. Chupa za soda usiguse. Mtoto hasomi lebo. Unga wake usiuvute puani: vaa barakoa, mimina taratibu. Metoli, kemikali iliyomo, huwasha ngozi za watu wengine, na mwili ukishaikataa, kila ukiigusa utajikuna.

Za bei poa ambazo lebo haitaji kilichomo, ziache.

Sasa wauzaji. Mbona tarehe ya kutengenezwa haionyeshwi? Picha ya pakiti wanaweka, bei wanapandisha, tarehe kimya. Pakiti moja niliyoletewa ilikuwa na unga ulioganda mabonge, rangi ya hudhurungi. Nikairudisha. Muuzaji akaniambia dawa ya unga haiharibiki. Nikamwomba asafishie filamu yake mwenyewe, akamgeukia mteja aliyekuwa nyuma yangu.