Pakiti ya popo, buibui na vijimzimu: inafaa kwa mtoto wa miaka 4, isipokuwa taa zake

Mwanzoni mwa Oktoba, majani yalipoanza kubadilika rangi hapa mtaani kwetu Minneapolis, nilinunua pakiti ya kazi za mikono za Halloween kwa ajili ya binti yangu wa miaka 4, ambaye alikuwa ameona mapambo ya kutisha kwenye vibaraza vya majirani akataka na sisi tuyatengeneze. Kwa dola 14 tulipata vifaa vya popo 6, buibui 6 na taa 2 za mzimu, pamoja na gundi ya kijiti, ambayo ilikauka siku ya pili.

Popo peke yao wanatosha kuhalalisha bei hiyo. Kadi nyeusi hukunjwa katikati, mzazi huchora upande mmoja wa bawa, mtoto hukata mwenyewe kwa mkasi usio na ncha, na akiikunjua hukuta mabawa mawili yanayolingana. Binti yangu alikata taratibu, ulimi ukiwa umechungulia pembeni mwa mdomo. Popo wa kwanza alitoka na sikio moja, lakini wa tatu alikuwa popo kamili, na sasa wote wananing'inia dirishani kwa uzi.

Buibui walituangusha. Kila kadi ya mwili imetobolewa matundu 6 ya kupitishia waya zenye manyoya, na mtoto, aliyekwisha kumhesabu miguu buibui wa bafuni, akaniuliza, "Mama, mbona huyu wetu hana miguu minane?" Nilitoboa matundu mengine kwa ncha ya kalamu, lakini waya 36 zilizokuwamo zikatutosha buibui 4 tu. Nasikitika kwamba kitu kilichokusudiwa kumfundisha mtoto kimekosea jambo ambalo yeye mwenyewe analijua.

Kubwa zaidi ni taa. Kila moja ina betri bapa ya duara kama ya saa, na kifuniko chake nilikifungua kwa ukucha, ilhali nina mtoto mwingine wa miezi 18 anayetia kila kitu mdomoni. Betri hiyo ikikwama kooni inaweza kuliunguza vibaya ndani ya saa 2, na ndiyo sababu Marekani ilitunga sheria mwaka 2022 ya kutaka vifuniko ambavyo watoto wadogo hawawezi kuvifungua kirahisi. Taa zote mbili nilizirudisha dukani siku hiyo hiyo.

Badala yake tuliokota majani ya mepo, yale yaliyo kwenye bendera ya Kanada, tukayabana usiku kucha ndani ya kitabu kizito, tukayapaka rangi nyeupe na kuyageuza kikonyo juu, ili ncha zake ziwe pindo la vazi la mzimu linalopepea. Binti yangu aliweka macho mawili kwa kalamu nyeusi, kisha akaongeza la tatu kwa mzimu mmoja, akieleza kwamba huyo ndiye mlinzi wa mlango.