WooCommerce kwa maduka madogo: naipa nyota nne

Mimi ni programa wa kujitegemea, najengea wenye maduka websaiti hapa Mombasa, na roho yangu iko kwa Laravel, ule msingi wa kodi wa kujengea mfumo wako mwenyewe, kila faili mahali pake, testi zimeandikwa. WooCommerce sivyo ilivyo. Hii ni plagini, yaani programu ya nyongeza, inayogeuza websaiti ya WordPress (mfumo ulioanza kama wa blogu) kuwa duka, ilitoka 2011 na kwa miaka mingi oda za wanunuzi zilikuwa zinalala kwenye jedwali moja na makala za blogu! Mpaka toleo la 8.2 mwaka 2023 ndo maduka mapya yakaanza kupewa majedwali ya oda yao wenyewe. Kama unajali databesi hiyo inauma.

Lakini muangalie mteja sasa. Mama anauza leso Biashara Street, mzigo mpya umeingia, anataka apige picha na simu, aandike bei na lile jina la leso manake wanunuzi wanatafuta kwa jina, iwe hewani kabla hajafunga duka, na hataki kunipigia mimi. WooCommerce inampa hiyo, apu iko kwa simu yake, bei anabadilisha mwenyewe hata saa nne usiku. Nikimjengea kila kitu kutoka mwanzo itakuwa kazi safi sana ila sehemu ya kuingizia bidhaa peke yake itamalizia pesa yake yote, na yeye alikuja kutafuta duka.

Pahali silegezi ni malipo. Plagini ya M-Pesa ya bure ambayo hujui nani anaitunza siweki, hata mteja aniombe vipi. Hiyo naandika mwenyewe juu ya Daraja, ile njia rasmi ya Safaricom ya kuunganisha programu na M-Pesa, mnunuzi anaitishwa PIN kwa simu, na oda haihesabiwi imelipwa mpaka seva ipate jibu na kiasi kilingane.

Nyota moja naitoa kwa sababu ya uzito. Mteja ataomba plagini ya hiki na kile, picha anapakia kubwa kama zilivyotoka kwa kamera, na mnunuzi yuko kwa bando. Halafu nyongeza nyingi za kulipia ni za kila mwaka, mwambie mapema kabla hamjakubaliana bei. Apdeti zijaribu kwenye nakala ya pembeni kwanza na bakapu iwe ya kila siku, na hiyo kazi mtoze kama matunzo ya mwezi. Mfumo wa mikopo wa sacco sitaweka hapa, huo ni Laravel moja kwa moja.